Mende wa Ghala la Mbata

Watu wakianza kutaja walichofanya ujanani, huyu husema aliendesha garimoshi, yule husema aliimba kwenye harusi mpaka bibi harusi akalia. Mimi nilifuga mende. Nalisema hilo hata mbele ya wakwe wa watoto wangu, na anayetaka kucheka acheke, ila asitegemee nitamwongezea chai. Nilifuga mende Tanga, miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, na niliwafuga vizuri kuliko wengi wanavyofuga kuku. Walikuwa wanene, safi, hawanuki, na walikuwa na kazi yao duniani: kuliwa na buibui.

Nieleze kwanza nilifikaje huko, maana hakuna mtoto wa kike wa mtaa wetu wa Ngamiani anayeamka asubuhi akasema leo nakwenda kufuga mende.

Nilikuwa nimeachika. Mume wangu alikuwa mtu wa Ushongo, upande wa Pangani, mwenye minazi yake na heshima yake. Hakunipiga hata siku moja, nisimsingizie. Alikuwa na tabia moja tu, ya kususa. Nikipika wali atauliza kwa nini si ugali. Nikisonga ugali, atausukuma kwa vidole viwili na kuondoka. Nami nitakifunika chakula kwa kawa, nitamwekea pale pale, nitambembeleza, kwa sababu ndivyo nilivyolelewa: mtu akisusa, sahani haiondolewi mbele yake. Ukiiondoa umemfukuza. Unaiacha mpaka moyo wake ulainike mwenyewe. Miaka minne nilifunika sahani. Siku aliyonipa talaka, ati kwa ajili ya mchuzi wa papa uliozidi chumvi, nilifunga kanga zangu nikarudi mjini kwa kaka yangu, na njiani nilikula mihogo ya kukaanga peke yangu mpaka nikashiba.

Kaka yangu alikuwa fundi cherehani, akishona kanzu na suruali kwenye baraza ya nyumba yetu. Baba alikuwa amefariki, kwa hiyo kaka ndiye aliyekuwa walii wangu, mwenye haki ya kuniozesha. Alikuwa mtu mwema, ila aliogopa maneno ya watu kuliko alivyoogopa homa. Eda yangu ilipokwisha, mume wa Ushongo alianza kutuma mshenga. Alitaka kunirudia kwa ndoa mpya. Nadhani mchuzi wa mwenzangu aliyefuata nao ulikuwa na kasoro.

"Mwanamke asiye na mume anakaa kwa kazi gani?" kaka aliniuliza.

"Kazi nitaipata," nilimjibu, na nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba nilitoka siku hiyo hiyo kuitafuta.

Niliipata kwa mwanamke mmoja wa Kizungu aliyekaa upande wa baharini. Alikuwa mjane wa meneja wa shamba la mkonge, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa uzi, na siku nzima alikuwa akichora wadudu kwa kalamu na rangi ili wachapwe vitabuni. Aliniajiri kufua nguo. Katika veranda yake ya nyuma mlikuwa na masanduku manane ya kioo, yamejazwa udongo na kufunikwa wavu wa waya, na katika kila sanduku mlikuwa na buibui.

Msidhani nazungumzia hawa wanaotandaza nyuzi darini. Hawa ni buibui wa shimoni, ambao wakata mkonge huwafukua wanapong'oa visiki vya zamani. Mmoja hujaa kiganja cha mtu mzima. Ana manyoya, ana meno mawili yaliyopinda kama kucha za paka, na akikasirika huinua miguu ya mbele na kutoa sauti kama mtu anayekwaruza kitambaa cha turubai. Yule mkubwa kuliko wote alikuwa jike la rangi ya kahawa, na mimi nikamwita bimkubwa. Mzungu wangu aliniambia majike ya namna ile huishi miaka mingi sana, na huyu alikuwa naye tangu mumewe yu hai. Mumewe ndiye aliyemfukua. Nikaelewa basi kwa nini kila asubuhi alimsalimia kabla ya kunywa chai.

Chakula chao kilikuwa mende, na mwenye kuwakamata alikuwa mpishi. Naye aliwakamata chooni. Siku moja watu wa bwana afya walipita na pampu zao wakinyunyiza dawa ya mbu majumbani na vyooni. Mende wakaanza kutoka wakiyumba, wamelewa, na mpishi akafurahi sana kwa sababu hakulazimika kukimbia. Alijaza kopo. Siku ya tatu buibui mmoja akashikwa na mtetemeko, miguu ikagongana, kisha akaikunja yote chini ya tumbo kama ngumi, akafa. Mzungu wangu alikaa kwenye ngazi akalia.

Nilikuwa naanika mashuka. Hakuna aliyeniuliza, lakini mdomo wangu haujapata kungoja kuulizwa.

"Memsahib, huyu kala sumu."

"Sumu gani?"

"Mende mlevi. Mende mzima hakamatwi na mpishi huyu."

Alinitazama, akaangalia kopo la mpishi, akacheka na machozi yake. Kisha akasema kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula, "Mimi najua buibui. Wewe jua mende." Mashuka yale ndiyo yaliyokuwa ya mwisho kuyafua katika nyumba ile.

Basi nikakaa nikafikiri mende, na hapo ndipo fahari yangu inapoanzia. Mtu asiyejua hudhani mende ni mende. Yule mkubwa mwekundu wa chooni ni mchafu, ana mbio, anaruka, na hujui amepita kwenye dawa gani. Yule mdogo wa jikoni ni chakula cha buibui mtoto. Kwa bimkubwa ni kama kumpa mtu mzima punje moja ya wali. Nilimtaka mende mnene, mpole, asiyeruka, aliyeishi pahali ambapo dawa haiingii. Na nilimjua. Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akibangua nazi katika ghala la mbata, nazi zilizokaushwa, la Mwarabu mmoja tajiri, na mimi nilikulia chini ya magunia yale. Pale palikuwa na mende wa kijivu, mwenye madoa mgongoni kama majivu yaliyomwagikiwa maji, anayetembea badala ya kukimbia. Anakula mbata tangu kuzaliwa mpaka kufa. Anang'aa mafuta.

Nilikwenda kwa yule Mwarabu, mzee wa Kimanga, wa asili ya Omani, aliyezaliwa hapa hapa, nikampa shikamoo nikamwomba mende. Alifikiri namdhihaki. Nilipoeleza akaweka tasbihi chini, akawaita wachukuzi wote wa ghala waje wasikie. "Binti wa marehemu bi fulani kaja kununua mende zangu! Mpeni! Mpeni na za zaka!" Wachukuzi walipasuka mbavu. Nami nikainama chini ya magunia mbele yao, nikachagua mmoja mmoja, na niliokota wanaonifaa tu. Aliyekatika kipapasio nilimwacha. Aliye mkavu nilimwacha. Majike yenye tumbo pana nikayachukua yote.

Kuwaweka ni kazi nyingine. Nilitumia madebe ya mafuta ya taa, nikayakata juu, nikayasugua kwa majivu na kuyaanika juani mpaka pua yangu mwenyewe isipate harufu. Ndani niliweka makumbi ya nazi na vipande vya karara la mnazi wapate pa kujificha. Chakula pumba, machicha, na maganda ya machungwa ya Muheza. Maji sikuweka kwenye kisahani, kwa sababu mende ni mjinga wa maji, atazama kwenye tone. Niliwapa kipande cha mumunye wafyonze. Ukingo wa debe niliupaka mafuta ya nazi wateleze, jua likayayeyusha. Nikapaka samli, sisimizi wakaja na koo zao zote. Mwisho mzungu wangu alinipa mafuta ya mgando, na hapo mende wakawa wanapanda, wanafika juu, wanateleza, wanarudi chini kujifikiria. Miguu ya meza niliisimamisha ndani ya makopo ya maji, kama tunavyofanya kwa kabati la chakula, na sisimizi hawakupita tena.

Asubuhi moja nikamwona jike amesimama kimya, na nyuma yake wanatoka watoto hai, weupe, wadogo kama punje za mtama, wakajipanga chini ya tumbo la mama yao. Mende yule hatagi akaenda zake, anazaa. Nilimwita mzungu wangu kwa kelele, akaja mbio akidhani nimeumwa. Akachuchumaa kando yangu na miwani yake na tukatazama mpaka chai ikapoa. Baada ya hapo niliwaona pia wakijivua. Mende akikua ngozi humbana, basi humpasuka mgongoni naye hutoka ndani yake mweupe pee, laini kama nyama ya dafu, hawezi kuuma wala kukimbia. Wenzake wasipokuwa na chakula humla wakati huo. Baada ya saa chache huwa kijivu na mgumu tena. Nililiona hilo mara mia, nikalijua kama ninavyojua kuwasha jiko.

Mwaka ulipita. Kisha mzungu wangu akapata habari kwamba mama yake anaumwa Ulaya, akakata tikiti ya meli. Nyumba ataikodisha kwa miezi sita, na waliokodi hawakutaka kusikia habari za buibui.

"Utawachukua kwako?" aliniuliza. "Nikirudi nikawakuta hai, kazi ni yako moja kwa moja." Akagusa kioo cha bimkubwa. "Huyu mkubwa hasa."

Niliwapeleka Ngamiani kwa mkokoteni, masanduku saba na madebe manne, mchana kweupe. Mtaa mzima ulitoka. Kaka alisimama barazani na tepu yake shingoni, uso umemkunjika kama kitambaa kisichopigwa pasi. Hakuweza kuwafukuza. Kila Mwislamu anajua kwamba buibui ndiye aliyemsitiri Mtume pangoni, na kaka hakuwa mtu wa kumnyima hifadhi aliyetoa hifadhi. Lakini mende hawana kisa chochote cha kuwatetea, na hasira zake zote alizimalizia kwa hao.

Jioni ile alinikalisha ukumbini. "Dada, sikiliza. Mshenga wa Ushongo nimemwambia angoje. Mzungu akirudi akawakuta wadudu wake salama, una kazi, nami nitafunga mdomo. Wakifa, kazi hakuna, na mimi nitakuozesha kwa mumeo. Sitaki kusikia kilio."

"Nimekubali," nilisema. Nilikuwa na hakika na mende wangu.

Miezi minne ilikwenda sawasawa. Nilikuwa na msaidizi mmoja wa moyo, mpangaji wetu wa chumba cha mbele, mama wa Kishambaa, Mlutheri, ambaye mumewe alikuwa kibarua bandarini. Wengine walipita mbali na mlango wangu. Yeye aliniletea maganda ya viazi na kuniuliza hali za mende kama mtu anavyouliza hali za watoto.

Mwezi wa tano bimkubwa akakataa kula.

Nilimtilia mende mzuri, jike nene. Hakumgusa. Kesho yake nikamtoa nikamtilia mwingine aliye mdogo. Akamsogeza kwa mguu, akageuka. Nasema kweli, nilipoona mguu ule ukisukuma, niliona vidole viwili vya mume wangu. Niliujua msukumo ule. Nilikuwa nimeukimbia kutoka Ushongo, nao umenifuata mpaka kwenye sanduku la kioo.

Na nikafanya lile lile nililolelewa kufanya. Sikumwondolea. Nilimwachia mende wawili mle ndani, nikafunika wavu kwa kanga apate utulivu, nikawa kila asubuhi nainama na kusema naye polepole, "Kula, mama, kuna nini, nimekukosea wapi?" Mpangaji wetu alinisikia akadhani nina mgeni. Siku kumi na mbili zilipita. Tumbo la bimkubwa likageuka jeusi. Akatandika nyuzi chini, kitanda kizima cheupe, na nilidhani anajitandikia sanda. Mzungu wangu hakuwa ameniambia chochote kuhusu jambo hili. Miezi sita ya maagizo, maji hivi, jua vile, na hili la kwanza kabisa akalisahau. Nilimkasirikia, na kidogo nimemkasirikia hadi leo.

Siku ya kumi na tatu asubuhi niliondoa kanga nikamkuta amelala chali. Miguu imetazama juu. Na mmoja wa mende wangu, mnene, aliyelishwa kwa mkono wangu, amekaa kwenye mguu wake wa nyuma anatafuna.

Nilipiga ukelele. Nikafungua wavu, nikamnyakua yule mende kwa vidole, na nitakachosema si kizuri lakini ndivyo ilivyokuwa: nilimponda ukutani. Yule wa pili nilimpata kwenye pembe. Kaka alikuja mbio na mkasi wake mkononi. Alichungulia sandukuni.

"Amekufa," alisema. Hakusema kwa furaha, nampa haki yake. "Basi. Kesho nitamwita mshenga. Leta nikamzike uani, asinukie nyumba."

Akanyoosha mkono. Nami nikamshika kiwiko, kaka yangu mkubwa, ambaye sijapata kumgusa kwa hasira tangu utotoni.

"Usimguse!"

"Dada, amelala chali!"

"Aliyekufa kwa sumu alikunja miguu kama ngumi. Nilimwona. Huyu ameikunjua."

"Unajua nini wewe habari za buibui?"

"Za buibui sijui. Za mende najua," nilimwambia. "Na mende wanajivua."

Nilikuwa nalifikiri neno hilo huku nalisema. Ngozi iliyobana. Mdudu aliyekataa chakula, aliyetulia, aliyechagua pahali pake. Kama ni hilo, basi yuko laini ndani ya ganda lake, na mkono wa kaka ungemmaliza. Na kama si hilo, mimi ni mjinga ninayelinda maiti, na keshokutwa niko Ushongo.

"Mpaka alasiri," nilisema. "Asipogeuka mpaka alasiri, mwite mshenga wako."

Nilichukua mbuzi ya kukunia nazi nikaiweka kizingitini na kukaa juu yake, mwiko mkononi, na asipite mtu. Kaka alirudi kwenye cherehani yake, lakini sikuisikia ikizunguka. Mpangaji wetu alikuja na kapu la viazi, akakaa chini kando yangu akamenya.

"Kwetu mlimani nyoka hujivua," alisema.

"Najua."

"Na hakuna anayemwita mshenga."

Nilicheka. Niliogopa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na maisha yangu yote yalikuwa yamelala chali ndani ya sanduku.

Adhuhuri ilipita. Kabla ya alasiri, mpangaji wetu alinigusa goti kwa kisu. Mgongo wa bimkubwa ulikuwa umeachia ukingoni, umefunguka kama kifuniko cha kopo, na ndani yake kulikuwa na kitu cheupe kilichopauka kinachotweta. Tulishikana mikono. Miguu ilianza kutoka, polepole, anavuta, anapumzika, anavuta, kama mtu anayevua soksi zilizolowa mvua. Ilitoka mmoja mmoja. Ule uliotafunwa haukutoka. Ulibaki ndani ya ganda. Alipomaliza alilala kando ya ngozi yake mwenyewe, mbichi, mwenye rangi nzuri kuliko alivyopata kuwa, na miguu saba.

"Kaka!" niliita. "Njoo umzike!"

Alikuja akasimama nyuma yangu. Mle sandukuni aliona buibui wawili, mmoja mtupu na mmoja mzima. Alisema, "Subhanallah," kisha akarudi barazani, na cherehani ikaanza.

Lakini hatari haikuwa imekwisha, na hapa ndipo najipongeza zaidi. Mpangaji wetu alisema sasa atakuwa na njaa, mpe. Mikono yangu yote ilitaka kumpa. Sikumpa. Nilichungulia meno yake, yalikuwa meupe kama ya mende aliyejivua sasa hivi, na mende yule hawezi kuuma hata machicha. Nikaweka maji peke yake. Siku zikapita, meno yakawa mekundu. Nikangoja. Kwangu mimi, niliyefunika sahani miaka minne, kukaa mbele ya mwenye njaa mikono mitupu kulikuwa adhabu. Meno yalipokuwa meusi kabisa nilikwenda kwenye madebe nikachagua, si mnene, si mwenye nguvu, bali mende aliyejivua asubuhi ile, mweupe, laini. Nilimweka mbele yake kwa koleo. Bimkubwa alimrukia kabla sijatoa mkono.

Mzungu wangu alirudi mwezi uliofuata. Alikuja mwenyewe mpaka Ngamiani kwa miguu, watoto wa mtaa nyuma yake. Kaka alisimama, akampa kiti, akabaki pale mlangoni na mkasi wake. Nilijua anangoja nini. Mzungu akapita sanduku moja moja. Kwa bimkubwa akapiga magoti, na nikaona kidole chake kinahesabu. Kikafika saba, kikarudi mwanzo.

Ningeweza kusema alizaliwa hivyo. Ningeweza kusema ni panya.

"Mguu huo nimeupoteza mimi," nilisema. "Alikataa chakula, nikadhani amesusa, nikamwachia mende. Alipojivua mende akamla mguu."

Kaka alikohoa. Nilifungua kopo la biskuti nikampa mzungu wangu ile ngozi, nimeilaza juu ya pamba, nzima, na ule mguu wa nane ndani yake. Alilishika kopo kwa mikono miwili.

"Mimi ndiye sikukwambia," alisema. "Nani alikwambia usimguse?"

"Mende."

"Na kumlisha baadaye? Ulingoja?"

"Mpaka meno yakawa meusi. Kisha nikampa mweupe."

Hapo ndipo kaka alipoingilia. Alimwuliza, fundi kwa fundi, "Samahani memsahib. Huyu dada yangu anaijua kazi hii, au anabahatisha?"

Mzungu wangu alisimama akajipangusa magoti. "Mimi nachora tu," alisema. "Anayejua ni yeye. Mguu utaota tena akijivua mara nyingine. Kazi ni yake mpaka achoke."

Ijumaa ile, baada ya sala, mshenga wa Ushongo alikuja bila kuitwa. Alikuwa mzee wa kanzu nyeupe na kilemba, mtu wa maneno matamu. Kaka aliniita ukumbini. Nilikuja na mikono yenye pumba, nikampa shikamoo.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akaanza kumweleza kaka habari za minazi, na jinsi mwenyewe anavyojuta, na siku nzuri ya kufunga ndoa. Alimwambia kaka. Mimi nilikuwa nimekaa mkekani hatua mbili kutoka kwake.

Nilipoolewa mara ya kwanza nilikuwa mwari, na kwa mwari kunyamaza ndiyo kukubali. Kwa hiyo nilinyamaza, nikaolewa. Lakini mwanamke aliyekwisha kuolewa hujibu kwa kinywa chake mwenyewe. Ndiyo sheria, kila mtu Ngamiani anaijua, na kaka aliijua siku ile aliponiwekea masharti ya buibui.

Alimwacha mzee amalize. Kisha akamwambia, "Mimi ni walii, mzee wangu, lakini mwenye neno ni huyu." Akanigeukia. Alikuwa na haya, nililiona hilo, lakini alinitazama usoni. "Dada, unasemaje?"

"Sitaki," nilisema.

Nikainuka, nikarudi kwenye madebe yangu. Nilikuwa na neno lile tangu siku eda yangu ilipokwisha, ila hakuna aliyekuwa ameniuliza.